Neno "Inflammable": Kitu Kiwakacho au Kisichowaka?

Naomba nafasi kidogo nieleze habari ya neno moja la Kiingereza. Ni neno moja tu, lakini lilikuwa karibu kuunguza jiko la shule yetu, na aliyelisoma vibaya ni mimi mwenyewe. Habari hii imekwisha kusimuliwa mabwenini kwa namna nyingi, na kila asimuliaye huongeza chumvi yake. Kwa hiyo nimeona heri niiandike kama ilivyokuwa, kisha nieleze yale niliyojifunza baadaye kwa kufungua kamusi na kuwauliza walimu.

Ilikuwa siku ya Jumamosi katika muhula uliopita. Sisi wa Kidato cha Nne tulipewa kazi ya kupaka rangi mabenchi ya bwalo. Rangi ilikuwa nzito mno, tukaambiwa tuichanganye na thina. Mwalimu wa zamu alitupa ufunguo wa stoo, nami na rafiki yangu tukaenda tukachukua kopo la bati la lita tano. Kopo lile lilikuwa limekaa siku nyingi, na mfuniko wake ulikuwa umegandamana kwa kutu na rangi iliyokauka. Tulivuta, tukapinda, tukagonga kwa jiwe, wapi! Mfuniko haukusogea.

Rafiki yangu akasema, "Tulipeleke jikoni tulipashe moto kidogo. Bati likipata joto hutanuka, mfuniko utatoka wenyewe." Hilo ni jambo la kweli, tulifundishwa katika somo la fizikia. Lakini yeye ni mtu mwangalifu kuliko mimi, akauliza, "Je, hii haiwezi kushika moto?"

Basi nikajiona nimepata nafasi ya kuonyesha elimu yangu. Nikaligeuza kopo nikasoma maandishi mekundu ubavuni: "Highly inflammable". Nikamwambia, "Tazama hapa. 'Flame' ni mwali wa moto. 'In-' mbele ya neno ni kukanusha, kama 'incorrect', yaani si sahihi, au 'incomplete', yaani si kamili. Kwa hiyo 'inflammable' ni kitu kisichowaka. Tena wameongeza 'highly', maana yake hakiwaki kabisa kabisa!" Rafiki yangu akaniamini, kwa sababu katika mtihani wa Kiingereza mimi humpita alama chache. Tukalibeba kopo mpaka jikoni.

Jikoni tulimkuta Mzee wetu mpishi akikoroga maharage. Kuni zilikuwa zimekolea, na ndimi za moto zikitoka nje ya mafiga.

"Shikamoo Mzee," tulimwamkia.

"Marahaba wanangu. Mmebeba nini?"

"Thina, Mzee. Mfuniko umetushinda, twaomba tuupashe moto kidogo."

Mzee aliuacha mwiko ndani ya sufuria, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. "Toeni nje hiyo! Toeni sasa hivi!"

"Lakini Mzee," nikasema, "hii haiwaki. Imeandikwa hapa."

Akatusukuma mpaka nje, akatupeleka mbali chini ya mwembe, ndipo akajibu, "Mimi Kizungu sikukisoma, mwanangu, lakini pua yangu yasoma. Kitu chenye harufu kama hii hakikai jirani na moto, hata kama kimeandikwa nini."

Mwalimu wa zamu alipopata habari alituita. Nilitazamia adhabu ya kufyeka majani wiki nzima. Yeye alinipa lile kopo, akaniambia nisome yale maneno kwa sauti, kisha nieleze maana yake. Nilipomaliza kueleza, alinyamaza kidogo, akasema, "Ungalikuwa mtihani ningalikupa sifuri, ukaenda zako. Lakini huu haukuwa mtihani. Nenda ukatafute maana ya neno hili, uwaandikie wenzako." Ndiyo asili ya makala haya.

Kwanza jibu lenyewe, ili msomaji asisumbuke. "Inflammable" maana yake ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi. "Flammable", bila "in-", maana yake ni hiyo hiyo. Maneno haya mawili yana maana moja. Na kitu kisichowaka Waingereza hukiita "non-flammable" au "non-inflammable". Kwa hiyo lile kopo, lililoandikwa "highly inflammable", lilikuwa likisema: mimi nashika moto upesi sana. Na neno "highly", ambalo mimi nililifanya liwe la kunituliza, ndilo lililokuwa likipiga kelele kuliko yote.

Sasa yafaa tuulize, kosa lilitoka wapi? Halikutoka katika uvivu, maana kanuni niliyoitumia ni ya kweli na tumeisoma darasani. Kosa lilitoka katika kuamini kwamba kiambishi kimoja kina kazi moja tu.

Katika Kiingereza kuna viambishi awali viwili vinavyofanana kama mapacha, navyo vyote ni "in-". Vyote vilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na katika Kilatini chenyewe vilikuwa tayari ni viwili.

Cha kwanza ni kile tunachofundishwa mapema, na kazi yake ni kukanusha. "Visible" ni kitu kinachoonekana, "invisible" ni kisichoonekana. "Dependent" ni mwenye kutegemea wengine, "independent" ni asiyetegemea wengine. Neno hilo la mwisho babu zetu walilifurahia sana Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru wake.

Cha pili maana yake ni "ndani" au "kuingia", na mara nyingine hutia nguvu tu katika neno. "Include" ni kutia ndani pamoja na vingine. "Inhale" ni kuvuta hewa ndani ya mapafu. "Invade" ni kuingia katika nchi ya watu kwa nguvu. Ukisema kwamba "include" ni kinyume cha kitu fulani kiitwacho "clude", watu watakucheka, maana Kiingereza hakina neno "clude".

Viambishi hivi vyote viwili hubadili sura kwa kufuata herufi inayokuja nyuma yao. Jambo hili lisitushangaze sisi, kwa kuwa Kiswahili nacho hufanya hivyo hivyo: twasema mtoto na mkulima, lakini mwalimu na mwizi, kwa sababu m- ikikutana na irabu hugeuka kuwa mw-. Katika Kiingereza, "in-" ikikutana na p, b au m hugeuka kuwa "im-", ikikutana na l huwa "il-", na ikikutana na r huwa "ir-". Na mapacha wetu hugeuka kwa namna moja, hata huwezi kuwatambua kwa sura. "Immortal" ni asiyekufa, na hapo "im-" inakanusha. Lakini "immigrant" ni mtu anayeingia katika nchi ili akae humo, na hapo "im-" maana yake ni ndani. "Illegal" ni jambo lisilo halali, lakini "illuminate" ni kutia nuru. "Irregular" ni kitu kisichofuata utaratibu, lakini "irrigate" ni kuingiza maji shambani. Mkulima angeambiwa kwamba "irrigate" ni kukanusha maji, mpunga wake wote ungekauka!

Sasa turudi kwenye neno letu. Warumi waliuita mwali wa moto "flamma". Kwa kuongeza "in-" ya pili mbele yake walipata kitenzi "inflammare", maana yake kutia moto, kuwasha. Kitenzi hicho kiliingia katika Kiingereza kikawa "inflame". Kisha ukaongezwa mwisho "-able", ambao maana yake ni "-enye kuweza", na hapo ndipo lilipozaliwa "inflammable", yaani kitu kiwezacho kuwashwa. Kwa hiyo "in-" haikubandikwa mwishoni ili kulipinga neno "flammable". Ilikuwamo tangu mwanzo, ndani ya kitenzi.

Mtu aliyezoea kuchinja kuku atanielewa vizuri. Kuku hukatwa penye kiungo. Ukikata pasipo kiungo unavunja mfupa, na nyama yote inaharibika. Neno nalo lina viungo vyake. Mimi nilikata kati ya "in" na "flammable", kumbe kiungo kilikuwa kati ya "inflam" na "able".

Daktari naye hutumia neno la ukoo huu. Sehemu ya mwili ikivimba, ikawa nyekundu na yenye joto, madaktari wa Kiingereza huiita hali hiyo "inflammation". Hawana maana kwamba mwili umezimika. Wana maana kwamba umewaka. Na sisi je? Mtu mwenye jipu hulala akigeuka huku na huku akisema, "Mguu wanwaka moto!" Warumi na bibi zetu hawakupata kuonana, lakini katika jambo hilo walisema sawa.

Pengine msomaji atasema, "Lugha gani hii ya ovyo, kiambishi kimoja maana mbili! Kiswahili chetu hakina mambo hayo." Mimi pia nilisema hivyo mbele ya mwalimu wetu wa Kiswahili. Akatabasamu, akaandika ubaoni sentensi mbili:

Mwanafunzi mwema hufikiri kabla ya kusema.

Wewe hufikiri kabla ya kusema.

Akaniuliza, "Yupi kati yao anasifiwa, na yupi anakaripiwa?" Darasa zima lilicheka. Tazameni neno "hufikiri". Katika sentensi ya kwanza "hu-" yaonyesha mazoea: kila siku mwanafunzi mwema anafikiri. Katika sentensi ya pili "hu-" ni ya kumkanushia mtu unayesema naye: wewe hapo hauna desturi ya kufikiri. Neno ni moja, herufi ni zile zile, na matamshi ni yale yale, lakini moja ni sifa na la pili ni karipio.

Katika vitenzi vyenye asili ya Kibantu hatari hiyo ni ndogo, kwa sababu irabu ya mwisho hugeuka tunapokanusha: "mtoto husoma", lakini "wewe husomi", "ng'ombe hula majani", lakini "wewe huli majani". Vitenzi vingi tulivyovipata kutoka Kiarabu, kama vile kufikiri, kujibu, kusamehe, kusahau na kurudi, havigeuzi irabu yao ya mwisho. Kwa hiyo ukimwandikia ndugu yako ujumbe wa simu wenye maneno mawili tu, "Hujibu barua", yeye anaweza kuona unamlaumu kwamba hakujibu, hali wewe ulikuwa unamsifu mjomba kwamba kila aandikiwapo anajibu. Ugomvi wa bure umeingia nyumbani kwa ajili ya silabi moja. Dawa yake ni kumtaja mtu: "Mjomba hujibu barua." Basi tusiwacheke Waingereza. Kila lugha ina milango inayofanana, na mgeni akiingia mlango usio wake si ajabu.

Tofauti ni kwamba "hujibu" likieleweka vibaya huleta kununa, lakini "inflammable" likieleweka vibaya huleta kilio. Jambo hilo wenye lugha wenyewe wamelitambua zamani. Katika miaka ya 1920 huko Marekani, chama cha kitaifa cha kujikinga na moto kilianza kuwahimiza watu waandike "flammable" badala ya "inflammable", kwa kuogopa kwamba wasomaji wataidhania "in-" kuwa ya kukanusha. Uingereza ilifuata baadaye: mwaka 1959 shirika lao la kuweka viwango vya bidhaa lilitangaza kwamba litahimiza "flammable" na "non-flammable". Neno "flammable" lenyewe lilikuwapo tangu karne ya 19, ila watu wengi hawakulitumia. Angalieni jambo hili: wataalamu waliacha neno la zamani, lililo sahihi kabisa kwa sarufi ya Kilatini, wakachukua jipya, kwa sababu tu neno jipya halimdanganyi msomaji. Walipima uzuri wa neno na usalama wa mtu, wakachagua mtu.

Habari hiyo ilinifariji kidogo, kwa kuwa iliniambia kwamba sikuwa wa kwanza kukosea. Lakini neno la zamani halikufa. Limo katika kamusi, na bado laonekana katika makopo na matangi. Tena katika Kifaransa "inflammable" ndilo neno lao la kawaida hata leo, na maana yake ni kitu kiwakacho. Kwa hiyo ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura, waliosoma kwa Kifaransa, wanalijua vema, na kitu kisichowaka wao hukiita "ininflammable", yenye "in-" mbili zinazofuatana, moja ya kukanusha na moja ya kuwasha! Lakini wao nao wana mtego wao. "Inhabitable" kwa Kiingereza ni mahali panapofaa kukaliwa na watu, na kwa Kifaransa ni mahali pasipofaa kukaliwa. Herufi ni zile zile, maana zimepeana kisogo.

Si kiambishi peke yake kinachoweza kuwasha moto. Hata neno jepesi likieleweka nusu laweza kufanya hivyo. Marekani palikuwa na mtu mmoja jina lake Benjamin Lee Whorf, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufa mwaka 1941. Kazi yake ilikuwa kukagua hatari za moto kwa ajili ya kampuni ya bima katika mji wa Hartford, lakini mapenzi yake yalikuwa katika elimu ya lugha. Katika kukagua kwake aliona jambo la ajabu. Penye mapipa yaliyojaa petroli watu walikuwa waangalifu sana, lakini penye mapipa yaliyoitwa "tupu" walivuta sigara na kutupa vipande ovyo. Kwao "tupu" maana yake ni hakuna kitu, na pasipo na kitu hapana hatari. Kumbe pipa tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke.

Hapo yafaa nieleze kidogo jinsi moto wa mafuta unavyofanya kazi, kama alivyotueleza mwalimu wetu wa kemia. Kinachowaka si mafuta yenyewe yaliyo majimaji, ni mvuke unaotoka juu yake ukichanganyika na hewa. Kila aina ya mafuta ina kiwango chake cha joto ambapo huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Mafuta ya taa huhitaji nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli huanza katika baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo hapa kwetu petroli hutoa mvuke huo saa zote, mchana na usiku, wakati wa jua na wakati wa mvua, na thina nyingi hufanya vivyo hivyo. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini kama nyoka, ukaingia mifereji na vyumba, mpaka ukutane na moto ulio mbali, kisha moto ukarudi nao mpaka penye mafuta. Pipa lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, lakini pipa tupu ni chumba kizima cha mvuke na hewa vilivyochanganyika tayari. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Walikuwa wakiwasema watu wenye maneno mengi, lakini kwa debe la petroli mithali hiyo ni kweli kwa namna ya kutisha.

Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Sisemi kwamba hawakujua petroli huwaka. Kila mtu anajua. Nasema kwamba kujua kwa nusu hakutoshi. Mtu aweza kudhani kwamba akikaa mbali na kiberiti amesalimika, asijue kwamba mvuke umekwisha kumzunguka miguuni. Marehemu hao Mungu awarehemu, na sisi tulio hai tujifunze.

Basi mwanafunzi afanye nini akikutana na neno lenye "in-" mbele? Nimekusanya mambo manne.

La kwanza, alitafutie neno hilo ndugu zake. Ukiona "inflammable", kumbuka "inflame" na "inflammation", nawe utajua ukoo wake ni wa kuwasha.

La pili, asidhani kwamba kukanusha ni kudharau. "Invaluable" ina "in-" ya kukanusha, lakini maana yake si kitu kisicho na thamani. Ni kitu ambacho thamani yake haiwezi kukadiriwa, kama mzazi au macho yako mawili. Mwenzetu mmoja alimwandikia mfadhili wake kwamba msaada wake ni "valueless", akidhani amemshukuru, kumbe amemwambia msaada wake haufai kitu.

La tatu, aangalie mahali neno lilipo. Hakuna mwenye kiwanda atakayetumia rangi nyekundu na herufi kubwa kukuambia kwamba kitu chake hakina hatari. Onyo halipigwi bure. Ningalifikiri hivyo siku ile, nisingaliingia jikoni.

La nne, ajifunze alama pamoja na maneno. Siku hizi mataifa mengi yamekubaliana juu ya alama za hatari, ili hata asiyejua lugha ya kopo aelewe. Umoja wa Mataifa ulichapisha utaratibu huo mara ya kwanza mwaka 2003. Katika makopo, kitu kinachoshika moto upesi huwekewa umbo la mraba uliosimama kwa pembe yake, wenye ukingo mwekundu na picha ya mwali katikati. Katika magari ya kubeba petroli na mafuta kama hayo, alama huwa nyekundu yote, ina mwali juu na tarakimu 3 chini. Mwali huo hauna kiambishi, wala hauna Kilatini, wala haukanushi.

Naongeza jambo moja kwa ajili ya nyumbani, maana wazazi nao wanasoma. Mafuta yakishika moto msiyamwagie maji. Petroli na mafuta ya taa huelea juu ya maji, na maji yatayasambaza yakiwa yanawaka. Moto ukiwa mdogo tumieni mchanga mkavu, au kizima moto kilichokusudiwa moto wa mafuta. Ukiwa mkubwa, watoeni watu kwanza.

Sasa nimalize habari ya kopo letu. Niliporudi kwa mwalimu na maelezo haya yote, aliniuliza, "Sasa utafanya nini ili mwenzako wa Kidato cha Kwanza asirudie kosa lako?" Nilijibu kwamba nitamwandikia makala. Akasema, "Vema, lakini kopo litasomwa kabla ya gazeti." Kwa hiyo tuliomba ruhusa, tukapewa brashi na rangi nyekundu iliyobaki bwaloni. Mimi na rafiki yangu tukaingia stoo siku nzima ya Jumapili baada ya ibada, tukaandika juu ya kila kopo na kila pipa kwa Kiswahili: HATARI! HUSHIKA MOTO UPESI. USILETE MOTO KARIBU. Na mapipa yasiyo na kitu tuliyaandika: TUPU, LAKINI LINA MVUKE WA HATARI. Tulijadiliana kidogo kama "hushika" litaleta mashaka ya "hu-", tukaona halina mashaka, kwa sababu likikanushwa lingekuwa "hushiki".

Tulipomaliza tulimwita Mzee mpishi aje atazame. Alipita polepole, mikono nyuma, akisoma kimoja kimoja kwa midomo. Alipofika kwenye lile kopo la thina alisimama, akalinusa, akasoma maandishi yetu, akasema, "Sasa pua na macho vimekubaliana."

Mithali yetu yasema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Nawaheshimu wahenga, lakini katika jambo hili naomba radhi yao. Asiyejua maana sharti aambiwe, tena aambiwe kwa lugha anayoielewa, kabla hajakaribia jiko.